Mawazo mingi siyo wazimu: maneno kwa vijana wa Masisi na Walikale

(Maneno haya tuliyasema mbele ya vijana kutoka Masisi na Walikale wanaoishi mjini. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wale waliofika lakini walikuwa wanajibu simu.)

Ndugu zetu, dada zetu, habari ya leo?

Tumesikia jibu. «Tuko tu.» Kila asubuhi, kwenye parkingi ya moto, sokoni, mlangoni mwa kanisa, ni jibu lile lile: tuko tu. Mtu wa inchi ingine angeuliza, mko wapi, mko namna gani? Sisi hatuulizi, sababu tunajua. «Tuko tu» maana yake: nimeamka, sijafa, usiniulize zaidi. Leo tunataka kuuliza zaidi.

Hatukuja kuongea juu ya wazimu. Tunasema mapema, ju tunajua kuna wenye walisita kuja wakifikiri wataonekana «bafu». Tumekuja kuongea juu ya stresi, ile wazee wetu wanaita mawazo mingi. Vijana wanasema kichwa inachemka. Mama moja wa Nyabiondo anasema roho yake haikai pahali pake. Wote wanasema jambo moja. Kule Zimbabwe, Washona wako na neno lao, kufungisisa, na maana yake ni hiyo hiyo, kufikiri kupita kiasi. Kwa hiyo siyo ugonjwa wa wazungu ulioletwa na miradi ya mashirika. Uko na majina ya kwetu tangu zamani.

Tuanze na mwili. Ndani ya kila mtu kuna mlinzi. Akisikia masasi, anapiga kengele. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia miguuni, tumbo linaacha kazi ya kusaga chakula, macho yanafunguka. Mwili unamwaga dawa yake mwenyewe, adrenalini kwanza, kisha kortizoli. Ni kazi nzuri. Ni mlinzi huyo aliyefanya mama akimbie kutoka Kitshanga na watoto wawili mgongoni na bidon kichwani, na asisikie uchovu mpaka Sake. Bila yeye wengi wetu hatungekuwa hapa.

Shida ni kwamba mlinzi huyo hajui kusoma kalenda. Vita imebaki nyuma, weye uko Ndosho ao Katindo unalala ndani ya nyumba, lakini moto ikipiga «paa!» barabarani unajikuta chini ya meza. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, mikono inatetemeka. Usiku unaamka saa nane, hakuna kelele, lakini moyo unapiga kama umetoka kukimbia. Hapo mlinzi anapiga kengele na mwizi hayuko. Na dawa ile ya mwili, ikimwagwa kila siku kwa miezi na miaka, inaanza kuharibu nyumba. Kichwa kinauma, tumbo linachoma, usingizi unakatika, unasahau mambo ya jana, unapiga mtoto kwa sababu ya kikombe. Wengi wanaenda kununua dawa ya malaria mara tano kwa mwaka na kipimo hakijaonyesha malaria.

Sasa, kwa nini sisi wa Masisi na Walikale kengele yetu haizimiki? Tuhesabu kidogo. Mwaka wa 1993 vita ya Masisi ilianzia kwenye soko la Ntoto, kule Walikale. Aliyezaliwa mwaka ule leo ni baba ao mama wa watoto, na watoto wake nao wanajua kufunga vitu ndani ya shuka kwa dakika tano. Kati ya tarehe 30 Julai na tarehe 2 Agosti 2010, kwenye vijiji 13 vya barabara ya Kibua kwenda Mpofi, Luvungi ikiwa kati yao, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa. Tarehe 30 Aprili 2024 M23 iliingia Rubaya. Januari 2025 ilikuwa zamu ya Masisi-kati, kisha Sake, na tarehe 27 Goma. Tarehe 19 Machi mwaka ule ule, Walikale-kati. Tunasema miji tu. Hatujataja vilima, na ni vilima ndivyo vinavyojua.

Kwa hiyo mtu akituambia «stresi ni ya wanafunzi wenye wanaogopa mtihani», tunamwachia acheke. Kwetu, hofu ya jana haijamaliza kulia na hofu ya leo inabisha mlango. Ongeza mambo ambayo hayana masasi: shamba la maharagi limebaki nyuma ya bariere, ng'ombe za fromaji zimekwenda, minervali haijalipwa, banki za Goma zilifunga milango Januari 2025 na mshahara wa mwalimu ukafungwa nao. Kijana wa Mubi alikuwa anaishi kwa biashara ndogo karibu na mgodi wa Bisie. Siku kampuni iliposimamisha kazi mwezi wa Machi 2025 kwa sababu ya vita, naye alisimama. Hakupigwa sasi hata moja. Lakini muulize kama analala.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kati ya watu walioishi ndani ya vita kwa miaka kumi iliyopita, mmoja kwa watano, asilimia 22, yuko na ugonjwa wa akili wa aina fulani, kuanzia huzuni kubwa mpaka mahangaiko na tromatisme. Tuweke hesabu hiyo kwenye parkingi: wamotari 20, wanne. Kwenye kwaya ya watu 40, wanane. Muangaliane kidogo. Msiwatafute wale wanane, siyo mchezo huo. Tunataka tu muone kwamba hesabu hiyo iko ndani ya chumba hiki.

Na wale wengine? Wale wanne kwa watano wako na stresi, wanalia, wanaamka usiku, lakini siyo wagonjwa. Wakipata usalama, chakula, na watu wa kuongea nao, kengele inashuka pole pole. Tunasisitiza hapo kwa sababu kuna tabia imeingia mjini, kila mtu aliyetoka Masisi anaitwa «tromatizé» kama jina la ukoo. Mtu anauliza njia, wanasema huyo ni tromatizé. Hapana. Kulia kwa sababu ndugu yako ameuawa siyo ugonjwa. Ugonjwa ungekuwa kutolia.

Hapa tufike kwenye jambo gumu, na wengine wenu mlituandikia juu yake kabla ya leo. Mlisema: nyinyi harakati ya vijana, kazi yenu ni kudai amani, sasa mnatufundisha kupumua? Mnataka tuzoee?

Swali ni la haki. Tunalijua neno hilo, kuzoea. Wageni wanakuja, wanaona mama anauza ndizi pembeni ya kambi, wanasema «Wakongomani wako na nguvu, wanavumilia sana». Wanalisema kama sifa. Sisi tunalisikia kama mtu anayesifu punda kwa vile hajaanguka, kisha anaongeza mzigo. Hatuko hapa kuwafundisha kuvumilia yasiyofaa kuvumiliwa. Stresi ya Masisi iko na sababu, na sababu hizo ziko na majina, na dawa yake kubwa ni amani, haki na kazi. Zoezi la kupumua halitaondoa bariere hata moja.

Lakini tunakataa pia ule upande wa pili, wa kusema «tungoje amani kwanza, halafu tutapona». Tumengoja tangu 1993. Na tuko na ushahidi kwamba kupona kunaweza kuanza kabla.

Ushahidi huo ulitoka hapa hapa. Mwaka 2013, jarida moja kubwa la madaktari la Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wanawake 405, waliopitia ao kushuhudia ukatili wa kingono na walikuwa na dalili nzito. Vijiji vingine vilipewa msaada wa kawaida, mama anaongea peke yake na msaidizi. Vingine viliwekwa kwa vikundi, wanawake wanakutana pamoja kila wiki. Wasimamizi hawakuwa madaktari kutoka ng'ambo. Walikuwa ba APS, wasaidizi wa kisaikolojia, wanawake wa kwetu wenye miaka kadhaa ya sekondari. Wengi wa wale waliokaa kwenye vikundi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafunzo yalikuwa ya kukariri na kusemwa kwa mdomo. Miezi sita baada ya mwisho, kwenye vijiji vya msaada wa kawaida asilimia 42 walikuwa bado na huzuni kubwa ao mahangaiko. Kwenye vijiji vya vikundi ilikuwa asilimia 9.

Tisa. Na vita haikuwa imeisha.

Walifanya nini mle ndani? Hawakulazimishwa kurudilia yaliyowapata kila siku kama filamu. Walijifunza kukamata wazo moja na kuliangalia usoni. Kwa mfano wazo hili, ambalo wengi wetu tunaliishi: «Ni kosa yangu. Kama singelienda shamba siku ile.» Unaliweka mezani. Ni nani aliyekuwa na bunduki? Ni nani aliyeamua? Ulijua nini asubuhi ile, kabla ya yote? Pole pole mama anaona kwamba alikwenda shamba kwa sababu watoto wanakula. Kosa linarudi kwa mwenye nalo. Ni kazi ya wiki nyingi na inauma, lakini watu hawaifanyi peke yao, na tunafikiri nusu ya dawa iko hapo. Kikundi.

Wanaume, sasa tuongee. Kwenye ile hesabu ya Luvungi, kati ya watu 387, wanaume walikuwa 23 na wavulana 9. Ni nani kati yenu amewahi kumsikia mmoja wao akiongea? Mwanaume wa kwetu amefundishwa kwamba machozi yanashuka ndani. Basi yanashuka ndani, na juu yake anamwaga kasiksi ao kanyanga. Pombe inazima kengele kwa saa tatu, ni kweli, hatutadanganya. Kisha inairudisha kwa sauti kubwa zaidi, na usingizi wa pombe siyo usingizi, mwili haupumziki. Asubuhi uko na stresi ya jana, deni la jana, na mke aliyepigwa jana.

Na kuna wengine ambao hawachagui chupa, wanachagua bunduki. Tunasema bila kuhukumu mtu. Tuko na wenzetu tuliosoma nao ambao leo wako porini, upande huu ao ule. Sababu ni nyingi: njaa, kulinda kijiji, kulazimishwa. Lakini kuna moja hawaandiki kwenye ripoti. Kijana anayelala akiona kila usiku namna baba yake alivyochinjwa, siku atakapoambiwa «njoo, hapa utafanya kitu na hasira yako», atakwenda. Kama sisi hatuna pahali pa kumpokea na hasira yake, mwenye bunduki anapo. Ndiyo sababu jambo hili ni la harakati ya raia. Hatulifanyi kwa ajili ya starehe ya watu wa mjini.

Tufanye nini basi? Simameni kidogo. Kweli, simameni. Kanyageni chini kwa nguvu, sikieni udongo ao simenti chini ya mguu. Vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka nne. Sasa itoe kwa mdomo pole pole, kama unapuliza makaa bila kuruhusu majivu yaruke, mpaka sita ao saba. Tena. Tena. Siri iko kwenye kutoa. Ukitoa pumzi kwa urefu, unamwambia mlinzi kwamba mwizi hayuko, na moyo unashuka. Sasa angalia ukutani, taja kwa moyo vitu vitano unavyoviona. Sikia sauti tatu. Akili imerudi chumbani, imetoka Mushaki. Kaeni.

Zoezi hilo ni la bure, linafaa ndani ya moto, kwenye foleni ya maji, usiku saa nane. OMS ililiweka kwenye kitabu kidogo cha picha mwaka 2020, na mafunzo yale yalikuwa yamejaribiwa kwanza na wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini kule kaskazini mwa Uganda, karibu 700, wengi wao wametoka kwenye vita kama yetu. Hali yao ilipungua ubaya. Haikufika sifuri. Muelewe hivyo hivyo.

Simu. Hapa tutakuwa wakali. Kila siku ndani ya vikundi vya WhatsApp tunapokea picha za maiti. Mtu anatuma, anaandika «muone vile banatuua», na watu 250 wanafungua wakiwa kitandani. Mlinzi wako hatofautishi picha na jambo lenyewe, anapiga kengele. Picha ya ushahidi ina kazi, itumwe kwa wale wanaokusanya ushahidi, na heshima ya marehemu ibaki. Ndani ya kikundi cha wote, maneno yanatosha: pahali, saa, nini kimetokea. Na habari mara mbili kwa siku zinatosha. Anayekaa na simu mpaka saa saba za usiku akingojea kujua kama Pinga imeanguka, Pinga haimungojei yeye.

Kusikiliza ni kazi ingine, na hatuijui vizuri. Mwenzako akianza kuongea, sisi tunakimbilia kusema «kuraji», «Mungu yupo», «na mimi vile vile, tena yangu ilikuwa mbaya zaidi». Neno kuraji ni zuri. Lakini likitoka haraka, linafunga mlango. Kaa. Nyamaza. Uliza «na sasa uko namna gani?» kuliko «walikuwa wangapi, walikufanya nini?» Aliyebakwa haulizwi hadithi na kila mtu wa parseli. Anayetaka kunyamaza, nyamaza naye. Kuchota maji pamoja nayo ni msaada. Lakini kama jambo ni la siku hizi, mpeleke hospitali kabla ya saa 72 kupita, kusudi apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Mengine yatangoja.

Kuna wakati rafiki hatoshi. Wiki mbili bila usingizi, bila kula, bila nguvu ya kutoka kitandani. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Mtu anaanza kugawa vitu vyake, ao anasema «afadhali nisingekuwa». Hapo muulize wazi: unafikiri kujiua? Swali hilo haliingizi wazo kichwani, linampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, ondoa dawa ya shamba ndani ya nyumba, na mwende pamoja. Anzeni na infirmie wa kituo cha afya, yeye anajua kutuma mtu mbele. Goma kuna Tulizo Letu, hospitali ya magonjwa ya akili. Masisi kuna hospitali kubwa ambayo MSF imesaidia tangu 2007. Jina la Tulizo Letu linachekwa barabarani, tunajua, «weye utapelekwa Tulizo». Tunaomba mzaha huo uishie hapa. Yule anayekwenda pale anafanya jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa.

Na maombi? Wengi wetu ni watu wa sala, na tunajua kanisa limewabeba watu pale ambapo hakuna daktari wala serikali. Mchungaji anayesikiliza ni hazina. Mchungaji anayefunga mgonjwa kamba, anayekataza dawa, anayesema bibi mzee ni mchawi aliyeleta mawazo hayo, huyo tunampinga, na tutampinga mchana.

Jambo la mwisho ni juu yetu wenyewe, wale tunaoandika, tunaojibu simu usiku, tunaohesabu wafu ili wasisahauliwe. Kuna mzigo mwingine hapo. Unakula fufu na sombe mjini, mama yako yuko porini Walikale, na kila tonge linakwama. Hiyo hatia ya aliyebaki mzima, tunaijua wote. Haileti mama mjini. Inakufanya ukonde tu, na mtu aliyekonda hasaidii mtu. Kwa hiyo tumeamua: simu ya dharura itakuwa kwa zamu, wawili wawili, na aliyemaliza zamu yake anazima. Aliyetoka korokoroni harudi kazini kesho yake hata akitaka. Anapewa mwezi, na mtu wa kumtembelea.

Vikundi vinaanza Jumamosi hii baada ya salongo. Watu kumi kwa kikundi, wasichana na wavulana mbalimbali kwa miezi ya kwanza, sababu dada zetu waliomba hivyo. Hakuna picha, hakuna simu juu ya meza, hakuna ripoti. Kinachosemwa mle ndani kinabaki mle ndani, hata kama ni Muhunde anaongea mbele ya Mututsi, ao Munyanga mbele ya Muhutu. Tena hasa kama ni hivyo. Chai itakuwepo, sukari kila mtu alete yake.

Sasa maswali. Anayeona haya aandike kwenye karatasi bila jina. Nani anaanza?